Baba ameniomba nimwandikie presha ya uongo

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu. Safu yako naisoma siku zote, ila sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia, tena kwa sababu ya daftari.

Baba yangu ana miaka 58. Aligundulika na presha miaka minne iliyopita, akaanzishiwa dawa mbili, amlodipini na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Alikuwa akizimeza vizuri, au ndivyo tulivyoamini. Alipokwenda kliniki mara ya mwisho daktari alimwambia presha bado haijatulia. Akamtaka apime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, aandike namba kwenye daftari, aje nalo siku ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Siku hiyo imebaki wiki moja na nusu.

Kwa kuwa nasomea kazi hii, mashine na daftari nilikabidhiwa mimi. Jioni ya kwanza nilimpima mara tu alipoingia kutoka kazini: 168/102. Nikamuuliza kama amemeza dawa. Kabla ya kunijibu alitazama mlangoni, kuona kama mama yuko karibu. Kisha akasema ameziacha huu mwezi wa pili. Kila asubuhi anatoa vidonge kwenye pakiti na kuvitupa. Mama akiona pakiti inapungua anaridhika.

Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Sina ninachoumwa." Anapanda ngazi bila kuhema, analala vizuri, kichwa hakimuumi. Isitoshe, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) aliyopimwa mwaka jana ilitoka safi na karatasi yake ameitunza kama cheti cha shule. Halafu akaniomba niandike namba nzuri. Anaogopa kwamba akienda na namba mbaya ataongezewa dawa ya tatu, wakati hata hizo mbili hazitaki. "Wewe ulikuwa mwanangu kabla hujawa nesi," aliniambia.

Nikaandika 132/84. Asubuhi iliyofuata sikupima kabisa, nikaandika 128/80. Jioni yake nilipima. Alikuwa kwenye kochi, mkono juu ya paja, tunabishana huku mashine ikijaza upepo. Ikaonyesha 172/98. Nikaandika 130/82.

Mama, chuoni tumefundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Hatukufundishwa lolote kuhusu kilichoandikwa bila kufanyika. Wiki hii nipo wodini namgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili. Ana umri wa baba. Kila ninapomshika bega naliona lile daftari.

Nikimwambia mama, nyumba itawaka moto, maana kilichomuumiza zaidi maishani ni kudanganywa. Nikiwapigia simu kliniki, baba hataniamini tena, na ni mimi pekee niliyeambiwa ukweli naye. Nikiandika namba za kweli kuanzia leo, ataona nimemgeuka. Nikiendelea hivi na baba akaanguka, nitaishi vipi? Naogopa pia kwamba sifai kuwa muuguzi, kama mgonjwa wangu wa kwanza wa nyumbani ndiye niliyemuandikia uongo.

Nimlinde au nimtoboe?

Mwenye Daftari

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, mara ya pili kama nesi wa zamani, na kila mara nilikwama mahali tofauti. Kama mama nilikwama pale baba yako alipotazama mlangoni kabla ya kusema. Kama nesi nilikwama kwenye mkono juu ya paja. Nitaanza na huo mkono, ingawa najua siyo uliokufanya uniandikie.

Ninavyokuelewa, baba yako ameacha dawa kwa siri, siri hiyo amekupa wewe, kisha akakuomba uigeuze kuwa maandishi. Wewe unaiona njia panda yenye pande mbili, binti upande huu na muuguzi upande ule. Sina hakika kama njia ni mbili tu. Na kabla ya kuchagua yoyote, nina shaka na namba zenyewe, za uongo na za kweli.

Za uongo umezikiri. Hizo unazoziita za kweli ulizipataje? Mtu ametoka kazini sasa hivi, hajakaa hata dakika tano. Mkono upo pajani, chini ya usawa wa moyo, na mkono ukishuka chini ya moyo namba hupanda. Anaongea, tena anabishana, na kuongea kunapandisha. Hukunitajia kama mgongo ulikuwa umeegemea, kama miguu ilikuwa imekunjwa moja juu ya nyingine, kama kibofu kilikuwa kimejaa, wala kama mkanda wa mashine ulimtosha mkononi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ambayo mgonjwa hana. Nilipokuwa nesi mpya niliwahi kumkimbilia matroni na namba ya kutisha. Hakusema neno. Alinipa mkanda mkubwa zaidi, akanirudisha kitandani kwa mgonjwa.

Kwa hiyo hata hizo 168 na 172 siwezi kuzitegemea hivyo zilivyo. Usifurahi mapema lakini. Tukipunguza milimita kumi au hata kumi na tano kwa ajili ya makosa yote hayo, namba yake ya juu bado inapita mbali ile ya 135/85, mpaka ambao kwa vipimo vya nyumbani wengi huanza kuiita presha ya juu. Inawezekana kabisa baba yako ana presha ambayo haijadhibitiwa. Ila mpaka leo, mwanangu, hakuna kati yenu anayejua ni kiasi gani. Mnagombania siri ambayo hata haijapimwa sawasawa.

Nije kwa baba yako na ile karatasi yake ya ECG, kwa sababu naona hapo ndipo alipojishikiza.

Anaposema hana anachoumwa anasema kweli. Presha kwa watu wengi haina sauti. Usimbishie hilo, utashindwa, maana mwili ni wake. Lakini ECG haikumwambia alichodhani imemwambia. Ule ni usikilizaji wa umeme wa moyo. Anabandikwa vibandiko kumi, analala kimya, na kwa sekunde kama kumi mashine inachora jinsi umeme unavyotoka vyumba vya juu kwenda vya chini na jinsi moyo unavyojiandaa kwa pigo linalofuata. Inatuambia mengi kuhusu mapigo, na kuhusu jeraha la misuli ya moyo la sasa au la zamani. Mtu anaweza kuwa na mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, au ukuta wa moyo ulioanza kunenepa, na ECG ya kupumzika ikatoka safi vilevile. Umeme wa nyumba unaweza kuwa mzima huku ukuta una ufa.

Ukuta wenyewe ndio anaotaka kuuona daktari kwa eko. Wewe unayajua haya, lakini ngoja niyaseme kama ambavyo ungeweza kumwambia yeye. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, mililita 70 hivi kwa kila pigo. Chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi nzito, kwa kuwa kinasukumia damu mwili mzima. Namba ya juu ya presha ni nguvu inayogonga kuta za mishipa moyo unapokamua. Namba ya chini ni ile inayobaki moyo unapolegea, na ni katika kulegea huko ndipo misuli ya chumba hicho inapopata sehemu kubwa ya damu yake yenyewe. Presha ikiwa juu kwa miaka, chumba hicho kinasukuma mlango mzito kila pigo, na msuli unaosukuma kitu kizito hunenepa. Kwenye mkono tungeusifu. Kwenye moyo, ukuta mnene huwa mgumu, haulegei vizuri, unadai oksijeni zaidi, na mwishowe huchoka. Mtu huanza kuhema akilala chali, na miguu huvimba. Wakati huohuo figo, macho na mishipa ya ubongo vinapata kipigo chao kimyakimya.

Eko haiumi. Ni mawimbi ya sauti, jeli kidogo kifuani, na kulala kwa ubavu wa kushoto kwa muda. Inaonyesha unene wa ukuta, vali (milango ya moyo) zinavyofunguka na kufunga, na kila pigo linatoa sehemu gani ya damu iliyojaa (moyo mzima hutoa zaidi ya nusu). Nahisi, na hii ni hisia yangu tu, kwamba baba yako anakiogopa kipimo hiki kwa sababu anadhani kitamtoboa. Eko haisomi vidonge. Na kama ukuta utaonekana umenenepa, hiyo ni kazi ya muda mrefu kuliko miezi miwili, na presha ikitulizwa unene huo unaweza kupungua. Pengine hajawahi kuambiwa hili la kupungua. Mimi ningeanza nalo kabla ya habari za kiharusi. Mtu aliyeogopa hasikii vitisho vipya.

Sasa tuje kwenye daftari.

Kuendelea kuandika 130/82 unakujua kunakokwenda. Daktari ataamini dawa zinafanya kazi. Kuna hatari nyingine ambayo huenda hukuiwaza: eko ikionyesha ukuta mnene na daftari likasema presha ni nzuri, daktari makini ataanza kutafuta sababu nyingine ya unene huo. Baba yako, anayekimbia kidonge cha tatu, ataingizwa kwenye vipimo vipya vya kutafuta ugonjwa ambao huenda hana.

Njia ya pili, kuandika namba za kweli tu na kunyamaza kuhusu dawa, naona umeiweka kama njia ya uadilifu. Hapo nakuomba usimame kidogo. Daktari ataona 165 kwa mtu ambaye yeye daktari anaamini anameza dawa mbili. Ataongeza ya tatu, au atapandisha dozi, na atakuwa hajakosea. Halafu siku moja baba yako ataogopa, au mama yako atamsimamia, azimeze zote tatu kwa pamoja. Presha itashuka kwa kishindo, atasimama kutoka kitandani na kizunguzungu kitamlaza sakafuni. Kuandika namba ya kweli ukaificha habari ya vidonge kunaweza kuumiza sawa na kuandika ya uongo. Ndiyo maana nasema swali kubwa limejificha nyuma ya daftari: kwa nini ameacha?

"Sina ninachoumwa" ni jibu, ila sijui kama ndilo lote. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Kidonge cha maji humkimbiza mtu chooni, na kama anakimeza jioni humkatia usingizi. Wapo wanaume wanaoacha dawa za presha kwa sababu za chumbani, za kweli au za kudhani, na hakuna baba atakayemwambia binti yake jambo hilo hata akisomea uuguzi miaka ishirini. Usimdadisi huko. Unaweza tu kumwambia kwamba dawa zipo za jamii nyingi, kwamba inayomsumbua inaweza kubadilishwa au saa yake ikahamishwa, na kwamba kuna mambo anayoweza kumwambia daktari au nesi wa kiume mlango ukiwa umefungwa, bila wewe wala mama. Umpe njia ya kupita ambayo haipiti kwako.

Kuwapigia kliniki, je? Hawaruhusiwi kukupa wewe habari zake bila ridhaa yake, lakini hakuna kinachowazuia kukusikiliza. Faida yake ni kwamba daktari hatadanganyika. Hasara umeitaja mwenyewe, na naichukulia kwa uzito kuliko unavyodhani. Mgonjwa anayeficha alimchagua mtu mmoja wa kumwambia. Ukimpoteza huyo mmoja kwa simu ya nyuma ya mgongo, mashine itaingia kabatini, na mara nyingine atajifunza kuficha vizuri zaidi. Kumwambia mama kuna hatari ileile, na kuna nyingine juu yake: mjadala utahama kutoka presha kwenda kwenye uongo wa pakiti, na presha itasahaulika mezani. Lakini pia mama yako analala karibu na mtu ambaye usiku mmoja anaweza kuhitaji msaada wa haraka, naye hajui lolote. Hilo nalo siwezi kukuambia ulipuuze. Pengine anayepaswa kumwambia ni baba mwenyewe, na wewe unaweza kumpa muda wa kufanya hivyo. Muda gani, utaamua wewe unayewajua wote wawili.

Inabaki kurudi kwake na daftari mkononi na kumwambia, "Baba, siri yako naitunza, lakini kuandika siwezi." Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa yeye aliyaomba kwa pumzi moja. Unaweza kumwachia kalamu aandike mwenyewe. Unaweza kumwomba aongeze mstari mmoja juu ya ukurasa, kwamba dawa hazimezwi tangu lini. Unaweza kujitolea kumsindikiza, au kutomsindikiza kama hilo litamfanya aseme zaidi. Anaweza kukukatalia yote. Anaweza kukununia wiki nzima. Ukichagua njia hii, itakubidi ujue mapema utafanya nini akikataa, na hapo sitakusemea, kwa sababu si mimi nitakayekaa naye meza moja.

Kuna jambo moja tu ambalo siliweki mezani kwa mjadala. Mashine ikionyesha 180/120 au zaidi, mpumzishe dakika tano na umpime tena. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, wapigieni watoa huduma siku hiyohiyo. Ikiwa huko juu pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida, kuona giza au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, saa yoyote. Na mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakimganda, usingoje hata mashine, hata kama namba ya asubuhi ilikuwa nzuri. Hapo hakuna siri tena. Mwambie leo, angali mzima, kwamba mpaka wako wa kunyamaza uko hapo. Nadhani atakuheshimu kwa kumwambia mapema.

Mwambie pia asije akazimeza dawa zote kwa pupa siku mbili kabla ya kliniki ili "kufidia". Namna ya kuzirudia waielekeze wao.

Kuhusu kufaa kwako kuwa muuguzi: umeandika namba tatu za uongo kwa baba uliyemwogopea, na hukulala. Siwezi kukupa cheti wala kukunyima. Ninachojua ni kwamba wodini kosa la maandishi lina namna yake ya kurekebishwa, na umefundishwa. Hung'oi karatasi wala hupaki rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja juu ya kilichoandikwa, kikiendelea kusomeka, unaandika kilicho sahihi pembeni, unaweka tarehe na herufi za jina lako. Kwa ile asubuhi ambayo hukupima, andika "haikupimwa". Pia mashine nyingi za nyumbani huhifadhi vipimo kwenye kumbukumbu. Iangalie yako, huenda 168 na 172 bado zimo, na huenda kliniki wakaibonyeza kabla hamjasema kitu.

Siku bado zipo za kutosha kuanza saba upya. Mketishe kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, awe ametoka chooni, mkono uwe mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati, dakika tano za kimya, vipimo viwili vilivyoachana dakika moja, vyote viandikwe. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha ubaki na ule wenye namba kubwa. Na mazungumzo yenu, yoyote mtakayoamua kuwa nayo, yaje baada ya kipimo cha pili. Ukianza nayo mtapandisha namba tena.

Mama Mshauri